Wanunuzi Watano Wasio wa Ukoo

Dawudi alitaka watu watano. Hakusema wateja watano, kwa sababu katika karakana ya Katwe neno mteja lilikuwa limetumika vibaya kwa miaka mingi. Alisema watu watano ambao hakuna mtu wa ukoo anayewafahamu, kila mmoja anunue mashine moja ya kusaga karanga kwa bei iliyoandikwa, kabla ya mwisho wa Juni. Wakipatikana, angetia saini mkataba mpya wa pango na karakana ingebaki mikononi mwa dada yake, Rukiah. Wasipopatikana, mafundi wangetafuta kazi pengine na nafasi ile ingekuwa stoo ya vipuri vya mabasi yake.

Sharti hilo halikutokana na chuki. Mwaka uliotangulia karakana iliuza mashine kumi na tisa, na kumi na saba kati yake zilinunuliwa na jamaa. Wao ni Wanubi, vizazi vya askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na kwa kuwa askari wale walihamishwa kambi hadi kambi, ukoo wao una nyumba Bombo, Entebbe, Arua, Gulu, na hata Kibera mjini Nairobi. Jamaa walinunua kwa adabu na walipunguziwa kwa adabu. Dawudi alipozunguka kutoa salamu za Idi alikuta mashine tatu zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na juu ya kila moja televisheni.

Mashine yenyewe ilikuwa nzuri. Rukiah, mwenye miaka thelathini na minne na stashahada ya ufundi mitambo, alikuwa amebadilisha sahani za kusagia alizoziacha marehemu baba yao ili karanga zisipate moto na kutoa mafuta kabla ya wakati. Ilisaga kilo thelathini kwa saa. Jambo hilo lilijulikana kwa Rukiah, kwa fundi wake mkuu Saverio, na kwa watu wawili waliobaki katika wale kumi na tisa.

Aliyempa Rukiah wazo la kutangaza alikuwa Phelister Okinyi, jirani yake wa chumba cha pili huko Nsambya. Phelister alikuwa Mkenya kutoka Kisumu, na kazi yake katika kampuni moja ya utalii ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu wa mbali akiandika neno sokwe kwenye Google, jina la kampuni hiyo linatokea juu. Walizungumza Kiswahili, kwa sababu Rukiah hakujua Kijaluo, na Luganda ya Phelister, baada ya miaka sita Kampala, ilitosha kununulia nyanya tu.

Somo lilichukua Jumamosi moja. Phelister alieleza kwamba kwanza unachagua maneno ambayo mnunuzi angeyaandika anapotafuta. Kisha unaandika tangazo la mistari mitatu. Mtu akiandika maneno hayo, tangazo linaonekana, na kuonekana ni bure. Unalipa pale tu mtu anapolibofya na kuingia kwenye ukurasa wako, na kila mbofyo una bei yake. Kwa hiyo unaweka kikomo cha siku. Kikifika, tangazo linatoweka hadi kesho. Rukiah aliuliza kama mbofyo wa mtu asiyenunua nao hulipiwa. Phelister alijibu kwamba wote hulipiwa, na ndiyo maana kazi nzima ni kuchagua nani agonge mlango.

Tangazo waliliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo wanunuzi wengi wa Uganda huitumia kutafutia vitu. Lilitaja mashine, kilo thelathini kwa saa, Katwe, na namba ya simu. Kikomo walikiweka kwenye mibofyo hamsini hivi kwa siku. Phelister alitoa onyo moja tu: Rukiah asilitafute tangazo lake mwenyewe wala kulibofya, hata kwa kutaka kuona linavyopendeza. Rukiah alilitii onyo hilo kikamilifu. Halikusema lolote kuhusu watu wengine.

Katika ukoo wao, mtu akifungua biashara, kila nyumba humtuma mtu asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, kwa siku saba mfululizo. Wanaita kupasha duka moto. Anayetumwa huingia, husalimu, hugusa kitu kimoja na kuondoka. Halazimiki kununua. Kutokwenda pia ni kusema jambo, na jambo hilo hukumbukwa mazishini. Vilevile ni utovu wa adabu kufungua mlango mpya bila kuwaarifu ndugu, wakaja kupata habari zake kwa watu baki. Kwa sababu hiyo, usiku wa kuamkia siku ya kwanza, Rukiah aliandika katika kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu mia moja arobaini na sita, kwamba sasa karakana inaonekana kwenye Google, na akaweka maneno ya kutafutia, kwa Kiingereza, yenye maana ya: mashine bora ya kusaga karanga Katwe Kampala Uganda.

Shangazi yao Zulaikha, wa Bombo, dada mkubwa wa marehemu baba yao, alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ulianza kwa dua.

Siku ya kwanza kikomo kilifika saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Hakuna aliyepiga simu. Siku ya pili kilifika saa mbili na robo. Phelister alisema wiki ya kwanza si ya kuamini, akaingia kwenye taarifa za tangazo kuona watu wameandika nini. Alikuta wengi wakitafuta mashine, jambo lililompendeza, lakini wengine walitaka kujua jinsi ya kupika mchuzi wa karanga, na mmoja alikuwa akitafuta kazi ya kusaga. Akamwonyesha Rukiah orodha ya maneno ya kuzuia: neno likiingizwa humo, anayeliandika hataliona tangazo. Wakaingiza mchuzi, kupika na kazi. Siku ya tatu kikomo kilifika saa mbili kasoro dakika tano.

Siku ya nne Rukiah aliuliza kama tangazo linaweza kuonekana Kenya pia. Phelister alidhani amepata wanunuzi huko, akaifungulia Nairobi. Ukweli ni kwamba nyumba ya Kibera ilikuwa imelalamika katika kundi kwamba ndugu wa Uganda wanaingia na wao wameachwa nje. Rukiah hakuyahusisha mambo hayo mawili. Kwake malalamiko ya ndugu yalikuwa kitu kimoja na tangazo kitu kingine, kama mtu anavyoweza kuishi muda mrefu bila kujua kwamba bomba la jikoni na bomba la bafuni yanatoka tangi moja.

Siku ya tano kikomo kilifika saa moja na nusu.

Wiki ilipoisha bila simu hata moja, Phelister alikuja na kompyuta yake karakanani, akaiweka juu ya benchi la Saverio, katikati ya mavumbi ya chuma, na kuanza kusoma kama daktari asiyependa alichokiona kwenye karatasi. Mibofyo ilianza saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Ilitoka Bombo, Arua, Entebbe, Gulu na Nairobi. Kila mtu alikaa kwenye ukurasa sekunde tisa au kumi, akatoka.

"Watu arobaini na wawili leo wameandika maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule," Phelister alisema. "Mgeni huwa anakosea. Anaandika nusu neno, anasahau herufi. Hawa hakuna aliyekosea. Halafu nani yuko hapa Uganda anaandika 'Katwe Kampala Uganda', kama anatuma barua kwa posta?"

Rukiah aliyatazama maneno yale kwa muda. "Mimi," alisema.

"Wewe uliyatafuta?"

"Hapana. Niliyatuma."

Akamwonyesha kundi la ukoo, ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalisoma kwa siku nne kwa sababu ya kazi. Shangazi Zulaikha alikuwa ameweka zamu. Kila nyumba ilikuwa na msimamizi, na kila msimamizi alitoa taarifa baada ya swala ya alfajiri: Bombo tayari, Arua tayari, Entebbe mmoja bado, simu yake haina bando. Aliagiza watu wanakili maneno kama yalivyo na wasiongeze yao. Tangazo lilipoanza kutoweka mapema, alieleza kwamba mlango unafungwa kwa sababu wageni ni wengi, hivyo waamke mapema zaidi. Siku saba zilipotimia, nyumba ya Arua ikauliza kama wapumzike. Shangazi alijibu kwamba jambo lisilohitaji nauli halina sababu ya kuishia siku saba.

Phelister alisoma yote hayo bila kuinua kichwa. Mwisho akasema kwamba katika kampuni yake kuna watu wanne wanaolipwa mshahara, na hawajawahi kujipanga hivi.

Rukiah alikwenda Bombo kesho yake. Alikuwa ameandaa maneno njiani, nayo yalikuwa mafupi na ya kweli: kila mnapobofya, mimi nalipa. Shangazi alimkalisha, akamletea chai na mandazi, akauliza habari za kila fundi kwa jina. Kisha akasema, kabla hajaulizwa, "Tangu siku ile hatujakosa. Arua walichelewa mara moja, nikawapigia."

"Shangazi, kuhusu huko kubofya..."

"Usitushukuru. Baba yako alipofungua karakana, basi letu liliharibika Kawempe, nikatembea kwa miguu mpaka Katwe na chupa ya chai mkononi. Sasa nakaa kitandani natumia kidole. Nitashindwaje?"

Rukiah aliyapima maneno yake tena, akaona kwamba yalitaka amwambie mgeni bei ya chai aliyokwisha kuinywa. Akala andazi la pili na kurudi mjini.

"Ulimwambia?" Phelister aliuliza jioni.

"Alinipa mandazi."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Sikumwambia."

Phelister akasema iko njia nyingine. Maneno ambayo ukoo uliyanakili yangeweza kuingizwa yote kwa pamoja, kama yalivyo, katika orodha ya kuzuia. Mgeni wa kawaida asingeathirika, maana hakuna mgeni ambaye angeandika hivyo. Ni ndugu tu ambao wangegonga na kukuta kimya. Rukiah aliuliza kama wangejua nani amewafungia. Phelister alisema mtambo haumwambii mtu. Rukiah akaomba aandike mwenyewe. Aliyaandika maneno yake yale yale katika orodha, chini ya mchuzi, kupika na kazi, akabonyeza kuhifadhi. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Juni.

Tarehe kumi na tatu, saa tisa alasiri, theluthi mbili za kikomo zilikuwa bado hazijatumika, na simu ililia. Alikuwa mwanamume wa Ggaba mwenye duka la vyakula karibu na soko la samaki. Alinunua mashine tarehe kumi na nne. Wa pili alikuwa shule ya bweni, kupitia kwa mhasibu wake. Wa tatu alikuwa Mkongo aitwaye Gradi, aliyeikagua mashine kwa nusu saa bila kusema neno na kulipa bila kuomba punguzo, jambo lililomtia Saverio wasiwasi hadi pesa zilipoingia. Wa nne alikuwa mwanamke wa Entebbe.

Kwa kila mmoja Rukiah aliuliza mambo matatu tu: jina, namba ya simu, na mashine ipelekwe wapi. Zaidi ya hapo hakuuliza. Wanubi wana desturi ya kumuuliza mgeni kwao ni wapi, mama yake ni nani na ameoa au kuolewa wapi, na hawaachi mpaka wapate uhusiano. Uhusiano hupatikana karibu kila mara, kwa sababu askari wale walioa kila walikopelekwa. Rukiah alijua kwamba akimwuliza mtu maswali sita, undugu utapatikana, na Dawudi atamhesabu mnunuzi huyo kuwa ndugu. Mwanamke wa Entebbe alipoanza kueleza kwa hiari yake kwamba babu yake alikuwa jeshini, Rukiah alimwomba radhi akaenda kuwasha mota.

Katika kundi, Shangazi aliuliza mbona hawaoni tangazo tena. Rukiah alijibu kwamba mtambo huonyesha watu tofauti kwa nyakati tofauti. Hilo lilikuwa kweli. Shangazi aliwaambia watu waendelee kujaribu. Waliendelea, nyumba baada ya nyumba, kila alfajiri, na kila alfajiri wasimamizi walitoa taarifa: Bombo hatujaona, Arua hatujaona.

Tarehe ishirini na tisa Juni, saa nne asubuhi, Shangazi Zulaikha aliingia karakanani mwenyewe na sufuria ya wali iliyofungwa kwenye kanga. Alikuwa amefikia hitimisho kwamba Dawudi amekwisha kuifunga karakana na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwaambia watu. Alikuta Saverio anakata chuma na vijana wawili wanachomelea miguu ya mashine. Akatazama pande zote, akaketi kwenye kiti cha Rukiah bila kufungua sufuria.

Rukiah hakupata muda wa kumweleza. Mnunuzi wa tano alikuwa anashuka kwenye bodaboda mlangoni. Aliitwa Adyero, alikuwa amepiga simu jana yake baada ya kuona tangazo, na mkononi alikuwa na kavera ya plastiki yenye kilo mbili za karanga zake mwenyewe, za kujaribia. Dawudi angekuja kesho yake kuhesabu, na hakuna mwingine aliyeahidi kuja.

"Karibu, binti yangu," Shangazi alisema, kabla Rukiah hajafungua mdomo. "Watoka wapi?"

"Bwaise, mama."

"Bwaise watu hukaa tu. Nauliza kwenu. Kwenu ni..."

"Shangazi," Rukiah alisema. "Subiri kwanza."

Saa ilikuwa nne na dakika ishirini na tano. Saverio alizima mashine ya kukatia chuma, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema, kisha akaiwasha tena. Katika ukoo hapakuwa na kumbukumbu ya mtu kumkatiza Zulaikha akimsalimu mgeni. Shangazi alimtazama Rukiah bila kupepesa.

"Nisubiri nini?"

"Alipe."

Shangazi alifunga mdomo. Aliweka mikono yote miwili juu ya kifuniko cha sufuria na kutazama nje barabarani.

Adyero alikuwa na mambo yake ya kufikiria na hakuona lolote. Alieleza kwamba anauza karanga za kusaga sokoni na kwamba alikuwa na mashine.

"Ile yangu ilikufa na maji," alisema. "Mvua ya Aprili iliingia mpaka kwa kitanda. Nikatoa watoto, nikatoa godoro, mashine nikasema nitairudia. Nilikuta inaogelea."

Saverio alimimina karanga za Adyero ndani ya mashine. Rukiah aliwasha. Uji mzito wa rangi ya kahawia ulianza kutoka. Adyero akachovya kidole, akaonja, akagusa ubavu wa mashine kuona kama umepata moto. Haukuwa umepata. Alisema hii iko laini. Kisha akauliza bei, akaambiwa, akasema ipunguzwe. Rukiah alisema bei ni ile iliyoandikwa. Adyero alisema bei iliyoandikwa ni ya kuanzia tu, kila mtu Kampala anajua. Rukiah alisema hii ni ya kumalizia. Adyero alitoka nje, akasimama kando ya bodaboda kwa muda wa kumwezesha Rukiah kujuta, akaona hajuti, akarudi. Alitoa simu na kutuma pesa.

Mtandao ulikuwa mzito. Kwa dakika sita simu ya Rukiah haikutoa mlio. Adyero alionyesha kwamba kwake pesa zimekatwa. Rukiah alionyesha kwamba kwake hazijaingia. Mara moja Shangazi alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na Rukiah akamgeukia, na pumzi ile ikatoka bila neno.

Ujumbe uliingia saa nne na dakika hamsini na moja. Rukiah aliusoma mara mbili.

"Sasa, Shangazi," alisema. "Endelea."

Shangazi Zulaikha hakuhitaji hata dakika nne. Kwao Adyero ni Gulu. Mama yake ni mtu wa Pabbo. Dada yake mkubwa ameolewa Gulu mjini, na mume wake ni Mwislamu, mwenye gereji, jina lake Abdul-Latif.

"Abdul-Latif wa jicho moja dogo?"

"Huyo huyo."

"Nilimwogesha mimi alipozaliwa," Shangazi alisema. "Bibi yake na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja. Wewe ni mkwe wetu." Kisha akamgeukia Rukiah, na sauti yake haikubadilika. "Mrudishie laki moja."

Adyero alipiga makofi. "Kumbe nyinyi ni watu ya Abdul-Latif! Sasa mbona mmenilipisha kama mtu wa barabarani?"

"Kwa sababu ulikuja kama mtu wa barabarani," Rukiah alisema. "Sitairudisha."

Halafu akawaeleza wote wawili, akiwa amesimama, kwa sababu aliona kwamba akiketi angepunguza maneno. Alisema Dawudi anataka watu watano wasio wa ukoo, na kwamba huyu ndiye wa tano. Alisema akirudisha hata shilingi moja kwa sababu ya Abdul-Latif, itakuwa ameuza kwa ndugu, na kesho mafundi hawa hawatakuwa na kazi. Kisha akaeleza lile la kubofya. Alisema kila nyumba ilipoingia alfajiri, yeye alilipa, na pesa za siku ziliisha kabla wageni hawajaamka.

"Ndiyo maana hamlioni tangazo," alisema. "Dawudi hakufunga kitu. Ni mimi niliyewafungia."

"Ulitufungia," Shangazi alisema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na mbili."

Shangazi alihesabu kimyakimya. "Na sisi tunaamka," alisema.

Rukiah alibaki amesimama.

Adyero alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Baadaye akasema kwamba kwa upande wake hadai kitu, mradi mashine ifike Bwaise leo na iwekwe juu ya matofali. Saverio alisema itafika.

Shangazi Zulaikha alifungua kanga, akafunua sufuria na kuomba sahani. Alimpakulia Adyero kwanza, akamwongezea nyama, akamwuliza watoto ni wangapi. Alimpakulia Saverio, kisha vijana wawili wa kuchomelea. Dereva wa bodaboda aliitwa kutoka nje, naye akapakuliwa. Rukiah hakupakuliwa. Alikwenda kwenye benchi akaandika risiti ya Adyero kwa bei kamili, tarehe, na saa.

Dawudi alikuja kesho yake, tarehe thelathini, na mkataba wa pango ndani ya bahasha. Hakuketi. Alisema nyumba nzima ya Bombo inadai kwamba Shangazi amefukuzwa Katwe.

"Nilimwambia asubiri," Rukiah alisema, na kumpa orodha ya watu watano.

Dawudi aliisoma kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kusoma hati za magari. Kwa wanne wa kwanza aliuliza wanakaa wapi na walifikaje, na Rukiah akamwonyesha, kwa kila mmoja, siku simu yake ilipoingia na bei aliyolipa. Alipofika kwa wa tano alisimamisha kidole.

"Huyu wanasema ni shemeji ya Abdul-Latif wa Gulu."

"Ni kweli."

"Basi ni wanne."

"Pesa ziliingia saa nne na dakika hamsini na moja," Rukiah alisema. "Wakati huo hakuna mtu wa ukoo aliyejua ni nani. Ulisema watu wasiofahamika. Hukusema wasije wakafahamika."

Dawudi aliomba simu, akausoma ujumbe wa malipo. Aliangalia risiti. Aliangalia bei iliyoandikwa ukutani. Akarudi kwenye ujumbe.

"Shangazi alikuwapo?"

"Alikuwa pale, kwenye kiti."

"Akaomba apunguziwe?"

"Aliagiza nirudishe laki moja."

"Na hukurudisha."

"Sikurudisha."

Dawudi alikuwa na mabasi manne yanayokwenda Arua. Tangu aliponunua la kwanza, viti viwili vya mbele katika kila safari vilikuwa vya watu ambao Shangazi Zulaikha amewataja kwa simu, na hakuna aliyewahi kuvilipia. Alikuwa amejaribu mara mbili kulizungumza jambo hilo. Mara zote mbili alirudi kutoka Bombo akiwa ameshiba.

Aliketi kwenye kile kiti. "Ulimwambiaje hasa?"

"'Subiri kwanza.'"

"Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida."

"Mbele ya mgeni?"

"Mbele ya mgeni."

"Naye akafanyaje?"

"Akasubiri," Rukiah alisema. "Dakika ishirini na sita."

Dawudi aliutoa mkataba kwenye bahasha, akautandaza juu ya benchi, akamwomba Saverio kalamu.